Jenerali Ogolla: miaka 40 kasoro siku 6

Ukimtaja Jenerali Francis Omondi Ogolla, aliyekuwa Mkuu wa Majeshi ya Kenya, mbele ya Wakenya kumi, watano watakuambia aah, yule wa Bomas, pale matokeo ya urais yalipotangazwa, na watano watakuambia yule aliyeanguka na helikopta kule Kerio Valley. Ni kama maisha yake yote yalikuwa siku mbili tu, 15 Agosti 2022 na 18 Aprili 2024. Mimi hii stori imenikaa kwa roho tangu hiyo siku ya pili, na kila nikisoma mabishano ya watu naona tunabishania mlango na nyumba yenyewe hatujaingia. Kwa hivyo wacha nijaribu kuifungua polepole, manake kuna mambo ya jeshi hapa ambayo sisi raia huwa hatuelezwi: mtu anapanda vipi hadi awe jenerali, kwa nini rubani apewe kusimamia hadi askari wa miguu na mabaharia, na ilikuwaje rais akampa ukubwa wa majeshi yote mtu ambaye watu wa rais mwenyewe walikuwa wanasema alitaka kuwanyima ushindi.

Tuanze na tarehe mbili. Aliingia jeshini 24 Aprili 1984. Alikufa 18 Aprili 2024. Piga hesabu, ni miaka 40 kasoro siku 6.

Alizaliwa Februari 1962 huko Ng'iya, Alego, kaunti ya Siaya, kwa hivyo alipoingia jeshini alikuwa kijana wa miaka 22. Watu wakiandika wasifu wake hiyo 1984 huwa wanairuka haraka sana, mstari mmoja na kwisha, wakaenda kwa vyeo. Mimi naona hapo ndipo kila kitu kimelala, manake hebu jiulize, miaka miwili tu kabla ya hapo Jeshi la Wanahewa la Kenya lilikuwa limefanya nini?

Jumapili ya 1 Agosti 1982, kabla hata kupambazuke vizuri, wanahewa waliteka kituo cha Sauti ya Kenya, wakamtoa marehemu Leonard Mambo Mbotela na kumpeleka studio atangaze kwamba serikali ya Moi imepinduliwa. Fikiria sauti uliyozoea kuisikia ikitangaza mpira inakuambia asubuhi ati nchi imechukuliwa. Aliyekuwa mbele ya hao wapinduzi ni Hezekiah Ochuka, ambaye hata hakuwa ofisa, alikuwa askari wa cheo cha pili kutoka chini. Kule Nanyuki marubani walishikiwa bunduki wapae na ndege za kivita za F-5 wakapige mabomu Ikulu na makao ya GSU, kile kikosi maalum cha polisi, wakapaa kweli, lakini mabomu wakaenda kuyaangusha kwenye msitu wa Mlima Kenya badala ya Nairobi. Nikikumbuka hilo huwa nasema kuna watu wengi sana wa Nairobi ambao wako hai, wao na watoto wao, kwa sababu ya hao marubani, na majina yao hayajulikani na wengi wetu.

Mapinduzi yenyewe yalidumu saa chache. Jeshi la nchi kavu likiongozwa na Mahmoud Mohamed likaukomboa mji, Ochuka akatoroka kwa ndege hadi Tanzania, baadaye akarudishwa, akashtakiwa na akanyongwa gereza la Kamiti 1987. Lakini cha maana kwa stori yetu ni kilichofuata kwa jeshi lenyewe. Wanahewa walikamatwa kwa wingi, wenye hatia na wasio na hatia, na mwezi huohuo wa Agosti jeshi lao likavunjwa. Jina la Kenya Air Force likafutwa kabisa. Likaundwa jeshi jipya chini ya huyohuyo Mahmoud Mohamed na likapewa jina la 82 Air Force, na jina la zamani halikurudi hadi 1994.

Kwa hivyo Ogolla hakuanza kazi katika Kenya Air Force, aliingia jeshi lililokuwa limebandikwa mwaka wa kosa lake kama jina. Kila sare, kila barua, kila kibao cha getini kilikuwa kinakumbusha watu 1982. Na yeye alikuwa Mjaluo wa Siaya, wakati ambapo Ochuka alikuwa Mjaluo, mwanasiasa Jaramogi Oginga Odinga alishawahi kufungiwa nyumbani kwake baada ya mapinduzi, mwanawe Raila ametiwa kizuizini, na ukiwa na jina linaloanza na O ndani ya sare unajua watu wanakuangalia mara mbili. Sijui alifikiria nini siku anajaza fomu, na sitajifanya najua. Najua tu kwamba kijana wa miaka 22 kutoka kwao kuchagua jeshi hilo, mwaka huo, haikuwa rahisi hata kidogo. Na ndiye huyo miaka 34 baadaye akawa kamanda wake.

Sasa ngazi zenyewe. Ofisa Kenya anaanza kama kadeti, anafunzwa Lanet, Nakuru, na akihitimu anapewa cheo cha luteni wa pili. Ogolla alikipata 6 Mei 1985, zaidi kidogo ya mwaka mmoja baada ya kuingia, akapangiwa wanahewa. Baada ya hapo ni luteni, kapteni, meja, luteni kanali, kanali, brigedia, meja jenerali, luteni jenerali, na juu kabisa jenerali, nyota nne, na hiyo nyota ya nne anaivaa mtu mmoja tu nchini kwa wakati mmoja. Kuna kitu huwa kinachanganya watu: kule Uingereza wanahewa wana majina yao ya vyeo tofauti kabisa na ya askari wa miguu, lakini wanahewa wetu wanatumia vyeo vilevile vya jeshi la nchi kavu. Ndiyo maana utasikia meja ni rubani. Cheo hakikuambii mtu anafanya kazi gani, kinakuambia tu anasimama wapi kwenye foleni.

Alipelekwa Marekani akafunzwa urubani wa ndege za kivita na jeshi la anga la huko, akarudi akawa rubani na baadaye mwalimu wa marubani. Hapo kwa ualimu watu hupita haraka pia lakini mimi nasimama kidogo. Rubani wa kivita akiwa peke yake anabeba roho yake. Mwalimu anakaa na mwanafunzi ambaye bado hajui, anamwachia usukani akijua kosa la sekunde mbili linawamaliza wote wawili, na bado inabidi amwachie, manake asipomwachia hatajifunza. Mtu aliyeishi hivyo anazoea kuamini mkono wa mwingine.

Zaidi ya urubani alisomea mambo ambayo yanaonyesha mapema jeshi lilikuwa linamtengeneza awe mtu wa aina gani: upelelezi wa kutumia picha za angani, kupambana na ugaidi, na uchunguzi wa ajali za ndege. Shika hiyo ya mwisho, tutairudia.

1992 hadi 1993 alikuwa iliyokuwa Yugoslavia, kwenye kikosi cha Umoja wa Mataifa kilichoitwa UNPROFOR, kama mwangalizi na ofisa wa habari za kijeshi. Kenya ilikuwa imepeleka wanajeshi huko, kitu ambacho vijana wengi wa leo hawajui kabisa. Hiyo vita ilikuwa ya majirani. Watu waliosoma shule moja, wanaoelewana lugha, wakachinjana kijiji kwa kijiji. Mtu wa miaka 30 kutoka Siaya akaliona hilo kwa macho yake. Halafu angalia alichokwenda kusoma baadaye Chuo Kikuu cha Nairobi: shahada ya sayansi ya siasa, vita na masomo ya amani, na akapita kwa daraja la kwanza, halafu akaongeza shahada ya uzamili ya uhusiano wa kimataifa. Kabla ya hapo alikuwa na diploma kutoka Egerton, na upande wa jeshi alipitia École Militaire ya Paris na chuo cha ulinzi cha taifa hapa Karen. Watu hudhani ukubwa wa jeshi ni kifua na sauti. Kwa kweli kuanzia kanali kwenda juu ni kusoma, kuandika na kukaa kwa mikutano, na ambaye hawezi karatasi anaachwa hapo hata kama ndiye rubani bora wa zamani zake.

Na sababu ya hilo iko na jina: Tonje. Huku nje hatulisikii sana lakini ndani ya jeshi linajulikana kama jina la barabara. Zamani mkubwa wa majeshi alikaa kadiri rais alivyotaka. Mahmoud Mohamed, yuleyule aliyezima mapinduzi, alikaa kwenye kiti kuanzia 1986 hadi 1996, miaka kumi, na wakubwa wakikaa hivyo walioko chini wanazeeka wakiwa palepale. Jenerali Daudi Tonje aliyemfuata, 1996 hadi 2000, akaweka kanuni: muda wa mtu kukaa ofisini unajulikana, umri wa kustaafu kwa kila cheo unajulikana, kozi unazopaswa kupitia kabla ya kupanda zinajulikana, na kile kiti cha juu kinazunguka kati ya majeshi matatu, nchi kavu, wanahewa na wanamaji.

Hebu angalia tangu Tonje atoke. Joseph Kibwana, mwanamaji. Jeremiah Kianga, nchi kavu. Julius Karangi, mwanahewa. Samson Mwathethe, mwanamaji. Robert Kibochi, nchi kavu. Francis Ogolla, mwanahewa. Charles Kahariri, mwanamaji. Umeona? Inazunguka kama zamu ya kuchota maji kisimani. Kwa hivyo wale waliokuwa wanauliza 2023 ati rubani anajua nini kuhusu askari wa miguu, jibu ni kwamba zamu ilikuwa ya wanahewa, na isitoshe Mkuu wa Majeshi haongozi vita kwa mkono wake. Kila jeshi kati ya hayo matatu lina kamanda wake. Mkuu anakaa Ulinzi House, makao makuu ya ulinzi, anamshauri rais, anaketi kwenye Baraza la Usalama wa Taifa, anaamua rasilimali ziende wapi na nani apelekwe wapi, na likiharibika ndiye anayeulizwa.

Ila zamu haikuchagulii mtu, inachagua jeshi tu. Mtu inabidi awe amefika pale foleni inapoitwa, na hapo ndipo kupanda kwa Ogolla kunanishangaza vile kulivyokuwa kwa mpangilio. Alikuwa mkuu wa kambi ya Laikipia, Nanyuki, kule kunakokaa ndege za F-5, kambi ileile ambayo 1982 marubani walishikiwa bunduki. Akawa naibu kamanda wa wanahewa. Julai 2018 Rais Uhuru Kenyatta akampa cheo cha meja jenerali na ukamanda wa Kenya Air Force, makao yake Eastleigh. Julai 2021 akawa luteni jenerali na Naibu Mkuu wa Majeshi chini ya Kibochi. Hakuruka ngazi hata moja. Na hakukuwa na Mjaluo aliyewahi kufika juu kabisa, kwa hivyo kwao Siaya watu walikuwa wanahesabu vyeo vyake kama watu wanavyohesabu miezi ya mama mjamzito.

Halafu ikaja Bomas.

Hapa ndipo watu hurushiana maneno bila kujua nani alikuwa amekaa wapi, kwa hivyo tuende taratibu. Uchaguzi ulikuwa 9 Agosti 2022, William Ruto na Raila Odinga, na Uhuru aliyekuwa anatoka alikuwa anamuunga mkono Raila. Kura zinajumlishwa Bomas. 15 Agosti mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, marehemu Wafula Chebukati, akamtangaza Ruto mshindi kwa asilimia 50.49, huku makamishna wanne wakiyakataa matokeo. Kesi ilipofika Mahakama ya Juu, Chebukati akaandika kwa kiapo kwamba kabla ya kutangaza alitembelewa na ujumbe wa kamati ya ushauri wa usalama wa taifa: katibu mmoja kutoka serikalini, wakili mkuu wa serikali, inspekta jenerali wa polisi, na Naibu Mkuu wa Majeshi, yaani Ogolla. Na kwamba walimtaka apindishe matokeo yamfae Raila, na ikishindikana basi asitangaze mshindi, twende raundi ya pili. Hayo ni madai ya Chebukati kwa kiapo. 5 Septemba mahakama ikaukubali ushindi wa Ruto, majaji wote kwa sauti moja.

Mimi nasema wazi ninavyoona. Kifungu cha 239 cha katiba kinakataza vyombo vya usalama kuegemea upande wowote wa siasa, na mwanajeshi mwenye nyota tatu begani hana kazi na mwenyekiti wa uchaguzi siku ya kutangaza matokeo, hata kama ametumwa, hata kama amekwenda kusikiliza tu. Sare peke yake inaongea. Nampenda huyu mzee na nimesoma kila kitu nilichopata kumhusu, lakini hapo siwezi kumpitisha. Wakati huohuo naelewa kitu ambacho wanaopiga kelele hawakitaji: kwenye jeshi Naibu haendi mahali kwa hiari yake kama mtu anavyokwenda sokoni. Yuko chini ya mtu, na huyo mtu yuko chini ya amiri jeshi mkuu. Kutii amri ni jambo alilofundishwa tangu Lanet. Uzito wa kujua amri gani usiitii ndio mgumu kuliko wote, na ndio uliowamaliza wengi 1982 na ndio uliowaokoa wale marubani wa F-5 na mabomu yao msituni.

Kibochi alipostaafu Aprili 2023, Wakenya wengi walikuwa wameshamtoa Ogolla kwenye hesabu. Ruto akamteua yeye. Mei mwaka huo Ruto mwenyewe akaeleza mbele ya waandishi wa habari kwamba alikwenda kinyume na ushauri wa watu wengi, lakini alipouangalia wasifu wa huyu mtu akaona ndiye anayefaa zaidi kuwa jenerali. Wengine wakasema ni ujanja wa kisiasa wa kupoza Nyanza, kwao Ogolla na Raila. Inawezekana siasa ilikuwemo, siasa huwa imo. Lakini ukiangalia ile zamu ya Tonje, kozi zake, kambi alizoshika na miaka yake, kumruka ndiko kungehitaji maelezo marefu, manake ungekuwa umewaambia maofisa wote wa chini kwamba ngazi haina maana, angalia tu nani yuko Ikulu. Kwangu mimi huo ulikuwa uamuzi sahihi na sikumpigia kura aliyeufanya.

Mwaka wake haukuwa wa kukaa ofisini. Septemba 2023 helikopta ya jeshi ilianguka usiku kwenye msitu wa Boni, Lamu, ikiwa kwenye doria, na wote waliokuwa ndani wakafa. Ilikuwa aina ya Huey. Kule kaskazini mwa Bonde la Ufa ilikuwa inaendelea operesheni ya Maliza Uhalifu iliyoanza Februari 2023, polisi na jeshi pamoja, dhidi ya majangili wa mifugo wa Baringo, Pokot Magharibi, Elgeyo Marakwet, Turkana, Samburu na Laikipia. Majangili wenyewe ni hadithi ndefu, lakini kitu kimoja ni kwamba shule zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya risasi, na wanajeshi wakapewa kazi ya kuzikarabati ili watoto warudi. Nyundo na rangi. Hiyo ndiyo kazi iliyompeleka huko siku ya mwisho.

Alhamisi, 18 Aprili 2024. Aliondoka Nairobi asubuhi kwenda kuwaona wanajeshi walioko kwenye operesheni na kukagua shule zinavyoendelea. Alifika shule ya wavulana ya Cheptulel, Pokot Magharibi. Helikopta, Huey nyingine, za zile ambazo Kenya ilipewa na Marekani, ikapaa kutoka hapo, na saa nane na dakika ishirini mchana ikaanguka eneo la Sindar, Kaben, upande wa Elgeyo Marakwet. Ndani walikuwa watu 12. Wawili wakapona. Kumi wakafa: yeye, brigedia, kanali, luteni kanali, meja aliyekuwa rubani, makapteni wawili na masajenti watatu. Jioni simu zilikuwa zinalia kila mahali, watu wanatumiana picha za moshi, na usiku Ruto akasimama mbele ya kamera akasema ni kweli. Siku tatu za maombolezo ya taifa. Hakukuwa na Mkuu wa Majeshi wa Kenya aliyewahi kufa akiwa kazini namna hiyo.

Mwalimu wa marubani, aliyefunzwa kuruka na ndege za kivita huko Marekani, amekufa akiwa amekaa nyuma kama abiria, usukani uko mikononi mwa meja. Hilo lilinitesa sana wiki ile. Baadaye nikakumbuka ile miaka yake ya ualimu, kumwachia mwanafunzi usukani, na nikaona labda yeye lisingemtesa.

Maneno yakaanza siku ileile. Ameuawa, ni Bomas, ni malipo, ni hili na lile. Naelewa maneno yanatoka wapi, nchi yetu imezika watu wengi wakubwa bila kuelezwa vizuri na watu wamejifunza kutoamini. Lakini jeshi liliunda jopo la uchunguzi, na ripoti iliyofika bungeni 2025 ikataja hitilafu ya injini. Ni jibu kavu na halimtoshelezi mtu mwenye uchungu, najua. Na hapa ndipo narudi kwenye ile kozi niliyokuambia uishike. Ogolla mwenyewe alikuwa amesomea kuchunguza ajali za ndege, yaani kazi ya kukusanya vipande, kupima injini, kuuliza mashahidi na kukataa kusema chochote mpaka vyuma viseme. Kama kuna mtu angetaka vipande viulizwe kabla ya wanasiasa, ni yeye. Swali ambalo mimi naona linafaa kuulizwa kwa sauti zaidi ni lile la helikopta zenyewe, Boni Septemba na Kaben Aprili, miezi saba, aina moja, kwa sababu vijana wetu bado wanapanda vyombo na wazazi wao wanalala macho.

Nafasi yake ilijazwa haraka vile jeshi linavyofanya. 2 Mei Charles Kahariri aliyekuwa naibu wake akawa jenerali, zamu ikarudi kwa wanamaji mapema kuliko ilivyotarajiwa. Na kile kiti cha Eastleigh, cha kamanda wa wanahewa, akapewa Meja Jenerali Fatuma Ahmed, mwanamke wa kwanza kuongoza mojawapo ya majeshi yetu matatu. Alipandishwa kuwa meja jenerali Julai 2018, mwezi uleule ambao Ogolla alipewa wanahewa. Jeshi lililokuwa linaona aibu kutaja jina lake likaanza kuongozwa na mama mwaka huo wa 2024.

Mazishi yenyewe yalizua mjadala mwingine, hasa kwetu tunaojua matanga ya Kijaluo. Mtu mkubwa akifa huko, mwili unarudi na msafara, hema zinasimama wiki mbili, ng'ombe wanachinjwa, ndugu wa mbali wanafika, na familia nyingi zinabaki na madeni hadi mwaka unaofuata. Jenerali mwenye nyota nne ungetarajia nini? Yeye alikuwa ameacha maagizo: azikwe ndani ya saa 72, na bila jeneza. Wazee wengine walinung'unika, wakasema si mila. Familia yake ikashika neno lake. Jumamosi ilikuwa ibada Lang'ata, uwanja wa Ulinzi, na Jumapili 21 Aprili akazikwa nyumbani Ng'iya, mizinga ikapigwa, ndege zikapita juu, na akaingia ardhini bila sanduku. Oktoba 2025 Raila Odinga alipofariki, naye alikuwa ameacha neno lilelile la saa 72, na safari hiyo sikusikia wazee wakinung'unika sana.

Jumatano ya 24 Aprili 2024 ndiyo siku ambayo Ogolla angetimiza miaka 40 ndani ya sare. Siku hiyo udongo wa kaburi lake Ng'iya ulikuwa na siku tatu.